Ufunguo Mmoja, Mtaa Mzima

Duka la Kufuli na Funguo,
Barabara ya Soko.
Jumatano, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za dada yako, wewe pamoja na wifi yangu na watoto wote. Habari za baridi? Kile kikohozi cha mdogo kimekwisha, au bado mnakibembeleza kwa asali? Mwambie wifi asimvue sweta hata jua likiwaka, na akibisha mwambie ni amri ya shangazi. Na mgongo wako je? Ulisema kazi ya kusimama kutwa inakumaliza. Kaa chini kila upatapo nafasi, maana mgongo hauuzwi dukani wala mtandaoni.

Sisi huku tu wazima kwa macho ya watu. Shemeji yako yupo, anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Mpwa wako amekalia miwani yake tena, sasa anasoma kwa jicho moja kama nahodha. Mama mwili wake ni mzima, miguu tu inavimba kidogo ikifika jioni. Nasema mwili, Kitinda, kwa sababu hayo mengine ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Ningekupigia, lakini kila tukizungumza wewe uko kwenye makelele ya kazini, nami naishia kukuambia hatujambo. Kwa hiyo naandika hapa hapa kaunta, na nikimaliza nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwenye simu, kwa sababu nikitegemea posta mambo yatakuwa yameshaharibika. Tafadhali soma yote kabla hujampigia mtu yeyote. Ninaogopa, mdogo wangu. Nalisema mapema usije ukadhani ni utani wangu wa siku zote.

Barabara yetu usingeitambua. Duka la viatu lililokuwa ubavuni mwangu limefungwa, kioo kimebandikwa magazeti. Muuza vitambaa wa upande wa pili amebaki na cherehani moja na benchi la wapiga soga. Kwangu watu bado wanaingia, tena kwa adabu. Wanashika kufuli, wanaligeuza, wanauliza kama linashika kutu, wanalipiga picha, wananishukuru, kisha wanatoka nje na kuagiza la kufanana nalo kwenye simu wakiwa wamesimama kwenye kivuli cha duka langu. Nimekuwa makumbusho, nimebakiza kutoza kiingilio. Kinachonilisha ni kuchonga funguo, kwa sababu aliyepoteza ufunguo leo hawezi kungoja mzigo wa wiki ijayo.

Na mizigo yenyewe, cheka kidogo, inaachwa kwangu. Mleta mizigo akikosa mtu nyumbani anajua mimi nipo tu, basi anaishusha hapa na watu wanaipitia jioni. Mchawi mpe mwana kulea, ndiyo mimi.

Sasa lile jambo lenyewe. Unamjua Mama Ofa, jirani wa mama wa nyumba ya kona, yule anayekusanya watu kwenye kundi la simu la mtaa ili waagize kitu kwa pamoja bei ishuke. Wezi walipovunja nyumba mtaa wa pili, akaja na ofa ya makufuli: makubwa, mazito, yanang'aa, na mkiwa wengi bei inakuwa ya kutupa. Karibu mtaa wote ukaingia. Na wewe kwa mapenzi yako ukamtumia Mama Ofa hela aongeze na la mama. Sikukuuliza kwa nini hukuniambia mimi, ambaye nimeuza kufuli tangu baba yu hai. Niliumia, nakuambia wazi, nikanyamaza. Nilijua ulitaka tu mama alale kwa amani, na wewe ukiwa mbali usijione hufanyi kitu.

Katoni ililetwa kwangu. Niliipokea kwa mikono yangu, nikaisukuma chini ya kaunta, Mama Ofa akaja kuichukua akinipa pole ya kejeli. Sikuifungua, haikuwa yangu. Ingekuwa ya dukani ningeimwaga sakafuni siku ile ile, kama baba alivyokuwa anatukalisha mimi na wewe tulinganishe meno ya funguo. Unakumbuka? Zilizofanana aliziita pacha, na pacha hawakuuzwa mtaa mmoja hata kwa dawa. Mteja hakuwahi kujua kazi ile inafanyika. Wewe mara nyingi ulikuwa unasinzia juu ya maboksi, nami nafanya zamu yako.

Katoni ya Mama Ofa haikuwa na pacha, Kitinda. Ilikuwa ukoo mzima. Kuna makufuli yanatengenezwa makusudi kwa ajili ya wenye maghala, ufunguo mmoja ufungue milango yote ili mtu asitembee na rundo la vyuma mfukoni. Ni rahisi kuliko mengine, na jicho la Mama Ofa liko kwenye bei tu. Kila mtu alijaribu ufunguo wake kwenye kufuli lake, ukafungua, akafurahi. Nani angefikiria kujaribu kwa jirani?

Mimi mwenyewe sikufikiria. Mambo yalianza kwa vitu kupotea. Msusi anayekaa mkabala na mama alipoteza mashine ya kukaushia nywele. Mwalimu mstaafu alirudi matembezini akakuta mtungi wa gesi haupo. Kote huko kufuli lilikuwa limefungwa vile vile lilivyoachwa, hakuna nondo iliyokatwa, hakuna dirisha lililoguswa. Watu wakaanza kuwafukuza dada wa kazi. Wengine wakasema ni majini, na mwalimu akauliza jini anapika nini siku hizi mpaka ahitaji gesi.

Kisha msusi akaniletea ufunguo wake nimchongee wa akiba. Nikachonga, nikautumbukiza kwenye mfuko wa koti langu la kazi ili nimpitishie nikienda kwa mama. Nilipofika, mama alikuwa ametoka, kufuli linaning'inia nje. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe kwa mazoea ya miaka, ukatoa ufunguo, nikafungua, nikaingia, nikabandika chai. Sikukumbuka hata kidogo kwamba ufunguo nilionao wa nyumba ile ni wa kufuli la zamani.

Mama alirudi akasimama mlangoni na mkoba wake. "Umeingiaje?" Nikamwambia nimeingia kwa ufunguo wangu. Akasema, "Ufunguo gani? Funguo zote mbili za kufuli la mwanangu ninazo mimi." Nikautazama ule ulio mkononi. Ulikuwa na uzi mwekundu, niliufunga mwenyewe ili nisiusahau wa msusi. Nakuambia mdogo wangu, chai ilichemka mpaka ikazima jiko.

Lakini lililonitisha zaidi ni mama. Hakugomba. Aliketi kitandani, akauliza polepole, "Au nilisahau kufunga?" Ndipo akanitolea ambayo hajamwambia mtu. Kwamba kwa muda sasa anakuta vitu vimehama. Droo aliyoifunga iko wazi. Nguo za kabatini zimepekuliwa. Kitambaa anachofunikia redio kiko chini. Kila mara anajiambia ni yeye, ni uzee, ndiyo ameanza kama mama mkubwa, ambaye alimaliza siku zake akiwaita watoto wake wa kuzaa wageni. Alikuwa analia bila sauti, Kitinda. Anaiogopa akili yake mwenyewe, kumbe akili yake haina kosa. Kuna mtu anaingia.

Nikamshika mkono nikampeleka mlangoni, nikafunga kufuli na kulifungua mbele ya macho yake kwa ufunguo wa msusi. Nilidhani ushahidi wa namna hiyo hauhitaji wakili. Mama akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo umejichongea ufunguo wa nyumba yangu bila kuniambia."

Unaona mtego wangu? Mtu mwingine yeyote angeonyesha vile angeaminiwa. Mimi ninayechonga funguo, nikionyesha ufunguo unaofungua, nimejionyesha mimi tu. Nikamletea kufuli jipya la dukani, bure, nililolichagua kwa uangalifu. Akalikataa. Akaniuliza kama biashara imekuwa ngumu kiasi cha kuja kuuzia hadi kwa mama yangu. Akasema, "Mwanangu hawezi kunitumia kitu kibovu, na wewe tangu utoto ulikuwa unamwonea wivu mdogo wako." Nilirudi nyumbani nikitembea upande wa jua bila kujijua.

Nilimwendea msusi, nikamwomba aje na ufunguo wake wa asili aujaribu kwa mama, ili mama aone kwa mkono wa mtu mwingine. Alikataa. "Dada, nionekane nafungua kwa watu, na vitu vinapotea? Utaniua." Sikumlaumu. Nikamwendea Mama Ofa faraghani, maana nikitangaza kwenye kundi nitakuwa nimemfundisha na yule ambaye bado hajui. Alinicheka mpaka akashika ukuta. "Dada Funguo, tunajua hali ni mbaya, lakini kutuharibia kufuli zetu ndiyo nini?" Niliomba anijaribie la kwake. Akasema hachezewi mlango wake na mfanyabiashara.

Polisi nimewafikiria. Nitawapelekea nini? Ufunguo unaofungua nyumba za mtaa mzima, na mwenyewe ndiye nimeushika.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo ninapoogopa kuliko pote. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayeingia kwa mama hakuvunja kitu wala hakutoka mbali. Alinunua kufuli kama wenzake, akalifungia nyumba yake, na siku moja akagundua kama nilivyogundua mimi, labda kwa makosa, labda kwa kujaribu tu. Tofauti ni kwamba yeye hakusema. Ananisalimia asubuhi nikifungua duka. Pengine nimewahi kumpokelea mzigo. Namshuku kila anayepita, hata mwalimu mstaafu wa watu ambaye aliibiwa mwenyewe.

Jumapili mchana nilienda kwa mama. Lile geti la nondo alikuwa amelifunga kwa ndani kwa kufuli hilo hilo, redio inasikika. Nikaita, kimya. Nikaita tena kwa nguvu, kimya. Kichwa changu kikaenda ambako kichwa cha mtoto huenda. Sikuwaza la kuonekana wala la kusemwa. Nikapitisha mkono katikati ya nondo, nikafungua kwa ule ufunguo, nikakimbilia chumbani.

Alikuwa amelala usingizi wake wa mchana tu. Alifumbua macho akaona mtu amesimama kati yake na mwanga wa mlango. Ukelele alioupiga, Kitinda, sijawahi kuusikia ukitoka kwa mama yetu, hata siku ya msiba wa baba. Kabla sijamtuliza, watu walikuwa wamejaa uani, Mama Ofa mbele, fundi wa magurudumu na chuma chake mkononi. Nami nimesimama na ufunguo, getini kufuli liko wazi.

Mama Ofa akamuuliza mama mbele ya wote, "Ufunguo huo ulimpa wewe?" Hapo nilijua. Mtaa ukishasema mwizi huwa hausikilizi sentensi ya pili. Nilikiona kile chuma cha fundi, sikuona kitu kingine. Mama akajiinua kwenye mto, akafunga kanga yake vizuri, akasema kwa sauti kavu, "Nilimpa mimi. Ni mwanangu. Nendeni majumbani kwenu."

Wakaondoka wakinong'ona. Nikapiga magoti kitandani pake kumshukuru. Akaurudisha mkono wake ndani ya shuka. Akaniambia, "Kumbe ni wewe. Siku zote hizi, kumbe ni wewe."

Alinidanganyia watu ili wasiniue, mdogo wangu, huku anaamini kwamba ni kweli. Mama yetu anadhani mimi ndiye ninayeingia nyumbani kwake anapotoka na anapolala, nikapekua kabati lake, nikamwacha aamini amechanganyikiwa. Sijui niliweke wapi jambo hili. Nimelia mpaka shemeji yako, anayelalamikia hata chumvi, ameacha kulalamika.

Tangu Jumapili wateja wa funguo wamekatika. Msusi amekuja leo asubuhi kudai ufunguo wake wa akiba bila kuniangalia usoni. Kwenye kundi Mama Ofa ameandika kwamba mwenye funguo tunamjua, na watu wamejibu kwa vidole gumba. Shemeji yako anataka nifunge duka kwa muda. Hilo ninaweza. Duka ni duka.

Jana alasiri nilirudi kwa mama na chakula. Geti limefungwa kwa kufuli lako, na mlango wa mbao nyuma yake umerudishwa. Nikagonga. Akauliza, "Nani?" Nikasema ni mimi, mama. Nikasikia lile kabati dogo la vyombo likisukumwa, likakaza mlango. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliweka bakuli chini, karibu na nondo, nikaondoka. Lakini kabati lile amelisukuma kwa sababu yangu, na atalisukuma tu akinisikia mimi. Huyo mwingine hagongi. Na mama hamwogopi, kwa sababu hajui kama yupo.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, jambo moja tu. Mpigie mama. Usimwambie nimekuandikia, wala usinitetee, ukinitetea ataona tumepanga. Mwambie ni wewe uliyekosea. Mwambie umesikia huko uliko kwamba makufuli ya aina ile yana kasoro, na unamwomba alitoe leo. Akikuuliza anunue wapi, usitaje duka langu. Mwambie amtume mwalimu mstaafu amnunulie lolote, kwa yeyote, hata mtandaoni, hata kwa mpinzani wangu wa stendi ambaye anauza bati kwa jina la chuma. Alinunue peke yake tu, bila kundi. Najua nakuomba umvunjie mama zawadi yako mwenyewe, na alivyokuwa anaionyesha kwa wageni. Sikulaumu hata kidogo. Ulituma kwa mapenzi. Lakini neno lako ndilo pekee litakaloingia nyumba ile kupitia mlangoni.

Kuhusu mimi, tutaona baadaye. Akiendelea kunidhania hivyo maisha yangu yote, sawa, mradi awe hai wa kunidhania.

Nisalimie wifi yangu sana, na watoto mmoja mmoja, yule mkubwa mwambie shangazi anangoja ile picha aliyoahidi kuchora. Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako anasema mjomba akija aje na miwani. Mungu awafunike ninyi huko mliko, na amfunike mama hapa nisipoweza kufika.

Ni mimi dada yako, akupendaye wewe na mama kwa moyo mmoja.

Mama hulala akishakula chakula cha mchana. Mpigie kabla hajalala.